Rangi ya Nyabarongo

Mgeni akiniuliza ni njia ipi ya baiskeli imfaayo zaidi hapa Kigali, humtajia mto. Nyabarongo umeuzunguka mji wetu upande wa magharibi na wa kusini. Ukiteremka kutoka Nyamirambo kwa njia ya Mageragere, au ukishuka Giticyinyoni pale mto Nyabugogo unapomwaga maji yake, umefika. Huhitaji gari la kukufuata nyuma. Unahitaji tairi pana, breki nzima na subira, kwa sababu njia ya mtoni ni ya udongo wa mfinyanzi, na mvua iliyonyesha jana Ngororero huja kukukuta leo ikiwa tope kwenye cheni yako.

Kazi yangu ni kuongoza watalii wa baiskeli. Nimeifanya kwa miaka, nikianzia vilima vya mjini, kisha Bugesera, kisha ufuko wa Kivu, na siku hizi zaidi ni mito na misitu. Naandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Wateja wangu wengi hutoka Ulaya na Marekani, na wakirudi kwao huandika sana habari za nchi yetu. Lakini maji ninayopita kando yake yana watu wake karibu zaidi. Yakishakuwa Akagera hupita Karagwe na Missenyi, halafu huingia katika ziwa wanalolitegemea watu wa Bukoba, Mwanza, Masaka na Kisumu. Hao ndio ninaotaka wanisome.

Septemba 2025 dunia ya baiskeli ilihamia kwetu kwa juma zima. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, na ndiyo mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za mwisho za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na mipando yake ukiijumlisha inapita mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilisimama Kimihurura, kwenye mpando wa mawe, katikati ya watu waliopanda hadi juu ya kuta, nikashangilia mpaka sauti ikanikauka. Sisi tuliomfuatilia Adrien Niyonshuti alipotuwakilisha London mwaka 2012 katika mbio za baiskeli za milimani tulijua siku ile imetoka mbali.

Tangu hapo wageni wanakuja wakitaka kupanda mipando ile ile waliyoiona kwenye televisheni. Nawapeleka, na nafurahi nao. Ila kabla hawajaondoka nawaomba siku moja ya mtoni. Lami ya Kigali itakuonyesha nguvu za mapaja yako. Mto utakuonyesha nchi inakula nini, inajenga kwa nini, na inapoteza nini.

Walionifundisha kazi ni abanyonzi, hawa wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Baiskeli zao ni za chuma, nzito, za giya moja, na karia yake imechomelewa upya kwa nondo. Juu yake hukaa gunia la viazi, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, mlango wa nyumba, hata kitanda. Umunyonzi hapandi mlima kwa kutafuta sifa. Mlima ukimzidi hushuka, hushika tandiko kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, akasukuma kwa mwendo ule ule hadi kileleni, na hapumziki katikati kwa sababu kuuanzisha upya mzigo uliosimama mlimani ni taabu kuliko kuendelea. Kwenye mteremko mrefu habani breki moja kwa moja. Hubana na kuachia, hubana na kuachia, ili rimu isichemke na mpira wa breki usilainike. Nimeona wageni wenye baiskeli za bei ya gari wakitoa moshi kwenye magurudumu huko Shyorongi kwa kutolijua jambo hilo. Na huko Kaskazini bado utakutana na ibicugutu, baiskeli za mbao zisizo na pedali, ambazo mwenyewe huzisukuma kupanda kisha huteremka nazo zikiwa na shehena. Breki yake aghalabu ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwenye gurudumu la nyuma. Mtu aliyeziendesha hizo akiwa mtoto hana cha kujifunza kwangu kuhusu mteremko.

Safari yangu ya kawaida huanzia Biryogo, mtaa wa Waislamu pale Nyamirambo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara zamani sana, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Tunakunywa chai ya tangawizi kwa chapati, tunakagua breki na upepo wa tairi, kisha tunapanda Mlima Kigali. Kilele chake kiko kwenye mita 1,850 hivi. Huko juu kuna msitu wa kupandwa, mikaratusi na misonobari, na ingawa si msitu wa asili, kivuli chake na harufu yake vinamtosha mtu aliyetoka kwenye moshi wa Nyabugogo. Kutoka hapo mto unaonekana chini kabisa, karibu mita 500 chini yako, ukijipinda katikati ya kijani.

Chini hewa hubadilika. Joto hupanda, na njia huingia kati ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha Kabuye na mafunjo yanayompita urefu mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Kuna mdiria, kuna nyangenyange, na asubuhi yenye bahati kuna korongo wenye taji. Wanawake wanarudi na majani ya ng'ombe kichwani. Karibu na Ruliba, kwenye barabara ya Muhanga, udongo wa bonde hili hugeuzwa matofali na vigae, na sehemu kubwa ya kuta nyekundu za Kigali zimetoka humu. Hapo ndipo baiskeli inapozidi gari: unasikia, unanusa, unaulizwa habari na watu, unajibu bila kusimama.

Udongo huu ukilowa una tabia zake. Hujaa kati ya tairi na uma wa mbele mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na ukilazimisha utakata cheni. Tairi pana hupunguzwa upepo kidogo ili zishike, na mwendeshaji hukaa kwenye ukingo wenye majani, si katikati kwenye mfereji ulioachwa na pikipiki. Kila mmoja wetu hubeba kijiti cha kukwangulia. Na kama usiku umenyesha, hatuteremki kabla ya kuuliza. Yuko mzee mmoja anayechunga ng'ombe juu ya bonde. Ndiye ofisi yangu ya hali ya hewa.

"Mwaramutse, muzehe."

"Mwaramutse, mwana wanjye."

Nikishamuuliza kama njia ya chini inapitika, haniambii ndiyo wala hapana. Hutazama kwanza tairi zetu, halafu viatu vya wageni, halafu hunyoosha fimbo kuelekea upande wa mianzi. "Piteni huku," husema, "na huyo binti mwenye baiskeli nyembamba ashuke akifika darajani, asione haya." Hajawahi kunidanganya.

Kuna jambo lazima lisemwe kabla mgeni hajaupiga picha mto huu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya umati akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato ya Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walitupwa humu, wengine wakiwa wamekufa na wengine wakiwa hai, na maji yakawachukua kupitia Akagera na maporomoko ya Rusumo hadi ziwani. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliwaopoa na kuwazika kwa maelfu. Makaburi yapo hadi leo Kasensero, Lambu na Ggolo. Wakati wa maombolezo familia huja mtoni kutupa maua. Kwa hiyo kwenye daraja la kwenda Bugesera tunashuka kwenye baiskeli. Naeleza niliyoyaeleza hapa, kwa maneno machache, kisha tunavuka kwa miguu. Mgeni asiyetaka kulisikia hili simpeleki mtoni. Atapata vilima vizuri kwingine.

Sasa rangi. Nyabarongo una rangi ya udongo karibu mwaka mzima, na mwezi Aprili huwa mzito kiasi kwamba ukichota kikombe na kukiweka juu ya jiwe, kabla hujamaliza kuziba pancha udongo umeshatuama chini. Wageni hudhani mto mkubwa ndivyo ulivyo kwa maumbile. Sivyo. Kile ni chakula cha watu kinachoondoka. Ukiendesha kupanda mto, kuelekea Muhanga na Ngororero, utaona kinakotoka: vilima vinalimwa kutoka bondeni hadi kileleni, vijito vinaoshewa madini ya bati na koltani, na kila mvua kubwa inachukua sehemu yake. Tope hilo linafuata maji hadi kwenye bwawa la umeme la Nyabarongo, la megawati 28, huko Mushishiro. Lililopita hapo linafika Kigali, ambako mtambo wa Nzove huchota maji ya mji kwenye bonde hili hili. Mtu wa Kigali akilipa bili ya maji, analipia pia kuuondoa udongo wa mkulima wa Ngororero, ambaye naye anahitaji udongo ule kuliko mtu yeyote.

Dereva hawezi kuona tofauti ya kilima na kilima. Mwendesha baiskeli anaiona kwenye mtaro wa kando ya njia. Pale palipochimbwa matuta ya ngazi na kupandwa majani ya ng'ombe kwenye kingo zake, maji ya mtaro ni mepesi hata baada ya mvua. Ukivuka bonde, kilima cha pili hakina matuta, mtaro unateremsha uji mwekundu. Nimezipita njia hizo katika misimu yote na siwezi tena kuitazama mvua kama mtu wa mjini anavyoitazama.

Anayetaka kuuona mto huu kabla haujachafuka itabidi asafiri hadi Nyungwe. Barabara inakwenda kusini hadi Huye, inakata magharibi kupitia Nyamagabe, inapita karibu na kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Murambi, kisha inapanda Kitabi. Nawashauri wageni wasiipite Murambi. Kumbukumbu hiyo, pamoja na za Nyamata, Gisozi na Bisesero, iliingizwa katika Urithi wa Dunia Septemba 2023, katika kikao kile kile kilichoiingiza Nyungwe. Hapo kabla nchi yetu haikuwa na hata sehemu moja kwenye orodha hiyo. Sijui nchi nyingine ambayo majina yake ya kwanza huko ni msitu na makaburi kwa pamoja, na kwa mwenye baiskeli vyote viwili viko kwenye barabara moja.

Kitabi mashamba ya chai yanaisha na msitu unaanza, hakuna kilicho katikati. Joto linashuka hapo hapo. Vaa koti kabla hujalihitaji. Kuanzia hapo hadi Gisakura ni takribani kilomita 50 za lami ndani ya miti, barabara ikipanda hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,019. Hakuna duka wala kijiji, ila kituo cha wageni cha Uwinka, ambako unaweza kupiga hema. Nyungwe inajulikana kwa sokwe wake na kwa makundi ya mbega yanayofikia mamia, lakini wanaokutana na mwendesha baiskeli zaidi ni kima weusi wenye kidevu cheupe, wanaokaa kando ya lami kama watu wanaosubiri basi. Usiwape chakula. Kima aliyezoea kulishwa barabarani hufa kwa kugongwa na lori.

Malori ndiyo hatari yenyewe, maana hii ni njia ya mizigo ya Rusizi na Bukavu. Ukungu hushuka saa yoyote. Taa ya nyuma iwake mchana kutwa, muende kwa mstari mmoja, na mtoke Kitabi alfajiri ili jioni isiwakute katikati. Vijia vya ndani ya msitu si vya kuingia peke yako. Vina utaratibu na waongozaji wa hifadhi, na utaratibu huo ni wa haki.

Mto Rukarara huzaliwa ndani ya msitu huu. Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, alikuwa amefika kwenye vyanzo vyake mwaka 1898 na kuvitangaza kuwa ndiko Nile inakoanzia. Mwaka 2006 kundi la wapelelezi waliopanda Nile kutoka baharini nalo likaishia ndani ya msitu huu. Warundi wana chemchemi yao huko Rutovu, na piramidi ndogo juu yake, na tukikutana nao kwenye safari mjadala huwa mtamu. Rukarara huingia Mwogo, Mwogo hukutana na Mbirurume, na hapo ndipo jina la Nyabarongo linapoanza. Mto huelekea kaskazini, hukutana na Mukungwa unaotoka upande wa volkano, kisha hugeuka kusini-mashariki kutufuata Kigali.

Kwenye kimoja cha vijito vya msitu huu huwaomba wageni wajaze chupa nyeupe na kuinyanyua kwenye mwanga. Maji ni maangavu, yana wekundu hafifu uliotoka kwenye majani yaliyooza. Tope hakuna, hata kama imenyesha usiku kucha, na Nyungwe hunyesha sana. Tone la mvua hapa halipigi udongo uchi. Linaanguka juu ya jani, linashuka kwenye mimea midogo na kuvu vilivyofunika shina, linapita kwenye tabaka la majani makavu, na linapofika mizizini limeshapoteza nguvu zote za kuchimba. Maji mengine yanahifadhiwa kwenye vinamasi vya msituni na kutolewa polepole, ndiyo maana vijito haviishi Julai. Msomaji asidhani nasimulia sayansi ya vitabuni. Huu ni mto wangu wa kila siku, na kule juu ni msafi.

Katikati ya msitu barabara inavuka mgongo unaogawa maji ya Afrika. Mvua inayoanguka upande wa mashariki inakwenda Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria na Nile hadi Misri. Ile ya magharibi inakwenda Kivu au Rusizi, inaingia Tanganyika, inatokea Lukuga, na mwisho inafika Atlantiki kwa mto Kongo. Wageni hupenda kusimama hapo mguu huku na mguu kule. Mimi hupenda zaidi kinachofuata, mteremko wa Gisakura, chai ikitokea tena upande wa pili na Kivu ikimeta mbali.

Palipokosa msitu, maji yanaadhibu. Gishwati, juu ya Rubavu, ulikuwa msitu wa hekta zipatazo 28,000 miaka ya 1970. Ranchi, mashamba, na baadaye makazi ya watu waliorudi nchini baada ya 1994 wasiokuwa na pa kwenda, viliupunguza hadi kubaki hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siwalaumu waliotafuta pa kuishi. Sheria ya mwaka 2015 iliufanya, pamoja na Mukura, kuwa hifadhi ya taifa, na miti ya asili inarudishwa. Lakini kilima kilichovuliwa hakisubiri. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliyonyesha Magharibi na Kaskazini iliua watu zaidi ya 130, na mto Sebeya, unaoteremka kutoka huko Gishwati, ukafurika majumbani mwa watu wa Rubavu. Nilipita huko na baiskeli baadaye, barabara zikiwa bado zimekatika. Akina mama walikuwa wakianika magodoro yasiyoweza kukauka tena. Tangu siku hiyo sisemi habari za msitu kama habari za wanyama peke yake.

Kanuni zetu zinataka ukanda wa mita 10 kando ya mito mikubwa usilimwe wala kujengwa, na mita 50 kando ya maziwa. Sehemu nyingi ukanda huo umepandwa mianzi, na pale ulipoheshimiwa ndipo njia nzuri za baiskeli zilipo. Ni kivuli, ni kimya, mizizi ya mianzi imeushika ukingo, na kijia cha watu wa kawaida, cha wachungaji na watoto wa shule, kinapita humo bila kumdhuru yeyote. Pale usipoheshimiwa utajua mara moja, kwa sababu viazi vitamu vimepandwa mpaka majini, ukingo unameguka, na njia imeingia mtoni pamoja na viazi.

Nilifanya kazi zamani na kampuni moja ya utalii iliyotaka kila kundi la baiskeli lifuatwe na magari mawili hadi ukingoni, ili wageni wasikose viti na vinywaji baridi. Msimu mmoja ulitosha. Nyayo za magurudumu ya gari ziligeuka mifereji, mvua ya Machi ikaikuza, na kijia tulichokuwa tukikitumia kikawa korongo. Niliondoka. Sasa mizigo ya wageni hubebwa na abanyonzi ninaowalipa, maji ya kunywa tunanunua vijijini, na chakula ni kile kinachopikwa siku hiyo: maharage, isombe (kisamvu), ndizi, na ikivuguto kwa anayependa maziwa mgando. Fedha hubaki kwenye bonde tulilolipita. Hilo naliona ni la msingi kuliko gari lolote la kufuata nyuma.

Mjini kuna ushahidi kwamba eneo lililoharibiwa linaweza kurudi. Nyandungu, njia ya kwenda uwanja wa ndege, palikuwa kinamasi kilichochoka. Kilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2022, zaidi ya hekta 120, pakapandwa miti ya asili na kukatwa njia za miguu na za baiskeli. Ndege wamerudi wenyewe. Jumapili ya mji bila magari, desturi iliyoanza 2016, familia nzima utaziona zikiendesha, na wengi wa watoto wale hawajawahi kuuona mto kwa karibu isipokuwa hapo. Kazi kama hiyo sasa inafanywa kwenye maeneo oevu mengine, likiwemo bonde la Gikondo lililokuwa la viwanda. Kama Gikondo imewezekana, ukingo wa Nyabarongo hauwezi kutushinda.

Kwa anayetaka kuja kutoka nchi jirani, haya ya kujua. Kwetu tunaendesha kulia. Ukitoka Tanzania kwa Rusumo, mazoea yako ya kushoto yaishie darajani, na uwakumbushe wenzako kila asubuhi, maana hatari kubwa ni kwenye njia panda tulivu, si kwenye msongamano. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Funga nguo zako kwa kitambaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jumuiya, basi usipange safari. Omba jembe ushiriki, utapokelewa vizuri kuliko mtalii yeyote. Giza huingia saa kumi na mbili na nusu hivi, uwe umeshafika. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Machi hadi Mei uache mto upumue. Anayetaka njia ndefu iliyokwisha kutengenezwa aichukue ile ya Kongo-Nile kando ya Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, alale Kinunu kwenye kahawa na ale dagaa wa sambaza Karongi. Ni nzuri na ina watu waliokwisha kuzoea wageni. Ila mimi bado nitamvuta aje Nyabarongo.

Ombi langu ni kwa vilabu vya baiskeli vya Bukoba, Mwanza, Masaka, Kampala na Kisumu. Pangeni safari moja ya pamoja, mwingie kwa Rusumo, mpite Kigali, mpande hadi Kitabi. Siombi mje kushindana wala kutupongeza kwa usafi wa mitaa. Njooni na chupa nyeupe, mchote kwenye kila daraja, mwone ni kilima gani kinapeleka udongo katika ziwa lenu. Mkirudi, wadaini wawakilishi wenu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama tunavyowadai wetu, kwamba zile mita 10 za ukingo zilindwe kutoka Nyungwe hadi Kasensero, katika kila nchi ambayo mto unaipitia, na ndani yake kiachwe kijia cha miguu na baiskeli peke yake.